Neno "Kinga" katika Tafiti za Madini ya Damu na Vizuiaoksidishaji: Uhakiki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna tafiti za maabara kuhusu madini ya damu na vizuiaoksidishaji zinavyoandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba neno "kinga" hutumika katika tafiti hizo kabla ya kuthibitishwa, na kwamba msamiati tunaouchagua hulivusha tokeo la kikemia hadi likawa ahadi ya tiba. Ushahidi umechukuliwa zaidi katika majaribio yaliyofanyika Pemba, Dar es Salaam na Rwanda, ambako ahadi hiyo ilipimwa kwa binadamu.

1. Jina na mzigo wake

Anayeingia katika duka la dawa za mitishamba, liwe Dar es Salaam, Bujumbura au Bukavu, hukutana na ahadi tatu: kuongeza damu, kusafisha damu na kuondoa sumu. Misemo hiyo ni ya zamani kuliko maabara zetu, na haina kosa ikibaki mahali pake. Mama anayemwambia bintiye mjamzito kwamba rozela inaongeza damu anaeleza uzoefu na matumaini, wala hadai kuwa amepima kitu. Tatizo huanza pale mtafiti anapoichukua misemo hiyo, akaivika koti jeupe, kisha akairudisha sokoni ikiwa na majedwali.

Dhana ya kikemia yenyewe ni nyembamba. Inahusu molekuli inayotoa elektroni kwa molekuli nyingine isiyotulia, yaani radikali huru, na kwa kufanya hivyo ikakata mnyororo wa oksidisho. Kwa Kiswahili dhana hii imepata majina kadhaa yanayoshindana. Wapo wanaosema "antioksidanti", mkopo usioeleza kitu lakini pia usiodanganya. Wapo wanaosema "viondoa sumu", jina linalopendwa na wauzaji na waandishi wa safu za afya. Na wapo, hata miongoni mwa wanataaluma, wanaoandika "vioksidishaji", neno ambalo maana yake ni kinyume kabisa cha kinachokusudiwa, kwa kuwa kioksidishaji ni kile kinachooksidisha. Katika makala haya nimetumia "kizuiaoksidishaji". Ni neno refu, halina mvuto, na hakuna atakayeliandika juu ya chupa ya kuuza. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

"Kiondoa sumu" kina kasoro nzito zaidi ya kutokuwa sahihi. Kina hukumu ndani yake. Kinasema kwamba ndani ya mwili mna sumu, kwamba kitu hiki kinaiondoa, na kwamba kuiondoa ni kheri. Mambo hayo matatu yote yalipaswa kuwa matokeo ya utafiti, lakini yamekwisha kutangazwa katika kichwa cha makala. Vivyo hivyo kwa "kinga". Panya kumi na wawili wakionyesha tofauti ya kipimo kimoja, Kiswahili chetu huandika kwamba mmea "una kinga", kana kwamba ni mali iliyomo ndani ya jani, kama rangi yake ya kijani.

2. Panya, sumu na dondoo lililotangulia

Haki ielezwe kwanza. Nadharia iliyozaa tafiti hizi si uzushi. Mwaka 1956 Denham Harman alipendekeza kwamba radikali huru ndizo zinazouchakaza mwili kadiri umri unavyosonga. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kazi ya kimeng'enya kinachozima mojawapo ya radikali hizo, yaani superoksidi. Hapo ndipo madini ya damu yanapoingia. Kimeng'enya hicho huhitaji shaba na zinki, na aina yake iliyomo ndani ya mitokondria huhitaji manganizi. Katalesi huhitaji chuma. Glutathioni peroksidesi huhitaji seleni. Kwa hiyo kupima madini na vimeng'enya kwa pamoja ni jambo lenye mantiki. Hata tiba imepatikana kwa njia hii: mgonjwa aliyemeza parasetamoli kupita kiasi huokolewa kwa asetilisisteini, dawa inayoirudishia ini akiba yake ya glutathioni.

Lakini tuutazame muundo wa utafiti ambao umekuwa kama kanuni katika maabara nyingi za vyuo. Panya weupe wa aina ya Wistar hugawanywa katika makundi ya watano au sita. Kundi moja hupewa maji. La pili hupewa sumu, mara nyingi kaboni tetrakloridi, parasetamoli nyingi, risasi au kadimiamu. Mengine hupewa dondoo la mmea, uwe mlonge, rozela au kitunguu saumu, kwa siku kadhaa au majuma kadhaa, kisha hupewa sumu ileile. Mwishoni panya huuawa na damu yao hupimwa sodiamu, potasiamu, kalisiamu, zinki na vimeng'enya vya ini. Ikiwa vimeng'enya vilivyovuja kutoka katika ini ni vichache kwa kundi la dondoo kuliko kundi la sumu, huandikwa kwamba kinga imethibitika.

Jambo la kwanza linalopuuzwa ni hili. Kaboni tetrakloridi na parasetamoli haziliharibu ini zikiwa kama zilivyomezwa. Huwa sumu baada ya vimeng'enya vya ini lenyewe, vya jamii ya saitokromu P450, kuzigeuza. Mmea unaovidumaza vimeng'enya hivyo utaonekana umelilinda ini hata kama hauna uwezo wowote wa kuzima radikali. Panya huyo hakukingwa dhidi ya sumu, sumu haikutengenezwa. Na vimeng'enya vya jamii hiyohiyo ndivyo vinavyochakata dawa nyingi wanazomeza wagonjwa wetu, zikiwamo baadhi ya dawa za VVU na za malaria. Tokeo ambalo ikisiri inaliita kinga huenda, kwa mgonjwa wa namna hiyo, likawa onyo. Njia ya kutofautisha mambo haya mawili ipo na haihitaji mashine ya kigeni: panya apewe dondoo baada ya sumu kwisha kugeuzwa, si kabla, au shughuli ya vimeng'enya hivyo ipimwe moja kwa moja. Nashangazwa kuona ni mara chache kiasi gani hatua hiyo inachukuliwa.

Jambo la pili ni panya mwenyewe. Panya hujitengenezea vitamini C katika ini lake, binadamu hawezi. Kiumbe kinachojitengenezea mojawapo ya vizuiaoksidishaji vikuu vya damu hakiwezi kutusemea bila tahadhari katika suala hili, angalau si katika suala hili kuliko mengine yote.

La tatu ni dozi. Miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito wa panya ni dozi ya kawaida katika tafiti za aina hii. Kwa kanuni inayotumika kuhamisha dozi kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu, kiasi hicho hugawanywa kwa takriban 6.2, na kupata miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 3.9 za dondoo. Kama gramu 10 za majani makavu hutoa gramu 1 ya dondoo, basi mtu huyo atapaswa kula karibu gramu 39 za majani makavu kila siku. Hesabu hii ni ya dakika mbili. Ingeingizwa katika kila makala, mapendekezo mengi ya "matumizi kwa jamii" yangejifuta yenyewe.

Kuhusu vipimo vya chupani sina mengi. DPPH, inayotumika kila mahali kupima "nguvu" ya dondoo, ni radikali ya kutengenezwa kiwandani isiyopatikana katika mwili wa kiumbe yeyote. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hadharani orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa kipimo cha ORAC, kwa sababu namba hizo hazikuwa na uhusiano uliothibitika na afya ya binadamu, ilhali zilikuwa zikitumika vibaya katika matangazo ya biashara. Kipimo cha asidi ya thiobabituriki, kinachodhaniwa kuonyesha uharibifu wa mafuta ya seli, hugeuka rangi pia kinapokutana na baadhi ya sukari. Ni vipimo vya rahisi, na urahisi wake ndio umevifanya vidumu.

3. Kilichomo katika mrija

Msomaji wa majedwali ya madini ya damu huamini kwamba namba anayoiona ni hali ya mwili. Mara nyingi ni hali ya mrija.

Potasiamu ndani ya chembe nyekundu ni nyingi zaidi ya mara 20 kuliko iliyo katika majimaji yanayozizunguka. Damu ikivutwa kwa pupa kupitia sindano nyembamba, au ikikaa muda mrefu kabla ya kutenganishwa, chembe hupasuka na potasiamu "hupanda". Zinki nayo hupanda kwa njia hiyohiyo, na tena hupanda kutokana na vizibo vya mpira vya mirija isiyoandaliwa kwa kazi ya madini. Mrija wenye chumvi ya potasiamu ya EDTA huongeza potasiamu na kunasa kalisiamu, hivyo sampuli moja huonyesha madini mawili yakienda pande mbili tofauti, na mwandishi asiyejua huandika aya nzima kuhusu "kuvurugika kwa uwiano wa madini". Katika tafiti za sumu, ambamo baadhi ya sumu hupasua chembe nyekundu zenyewe, kosa la mrija na athari ya sumu huchanganyikana kiasi cha kutotenganishika. Ni wajibu wa mwandishi kueleza aina ya mrija na muda wa kutenganisha, na kusema kama sampuli zilizopasuka chembe zilitupwa.

Hata mrija ukiwa safi, namba inaweza kupotosha. Zinki iliyo katika plazma ni chini ya asilimia 1 ya zinki yote ya mwili, na hushuka baada ya mlo na wakati wa homa. Kalisiamu karibu yote imo mifupani. Feritini, inayotumika kukadiria akiba ya chuma, hupanda mwili unapopambana na ambukizo, hivyo mtoto mwenye malaria na upungufu wa chuma anaweza kuonekana ana chuma cha kutosha. Katika eneo letu, ambako ambukizo ni hali ya kawaida kwa watoto wengi, kupima madini bila kupima dalili za uvimbe katika damu ni kama kupima kina cha mto bila kuuliza kama mvua imenyesha juu.

Linalofuata ni gumu zaidi kulikubali. Kiwango cha chini cha madini si lazima kiwe pengo linalosubiri kujazwa. Mwili unaoshambuliwa na vimelea hukificha chuma kwa makusudi: ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga mlango ambao chuma hupitia kuingia katika damu. Anayesoma jedwali huona upungufu. Mwili, ukiweza kusema, ungesema umefunga ghala wakati wezi wamo kijijini.

4. Pemba

Kwa nini haya yote yawahusu washauri wa sera, ambao kazi yao si kuhesabu panya? Kwa sababu ya Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wa kisiwa hicho wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa katika jaribio kubwa la kupewa chuma na asidi ya foliki kila siku, kukiwa na zinki au bila zinki, huku kundi jingine likipewa vidonge visivyo na dawa. Mantiki yake ilikuwa safi. Anemia ilikuwa imeenea. Chuma hutengeneza damu. Mwongozo wa kimataifa wa wakati huo ulishauri watoto wa maeneo kama hayo wapewe chuma. Watoto wanaopata miligramu 12.5 za chuma kwa siku walitarajiwa kuwa na nguvu zaidi.

Agosti 2003 makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa kwa ushauri wa kamati ya usalama. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, yakihusu watoto 24,076, yalionyesha kwamba waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa hospitalini kuliko wasiopewa. Jaribio kama hilo lililofanyika Nepal, mahali pasipo na malaria nyingi, halikuonyesha madhara hayo. Dawa zile zile, nchi nyingine, jibu jingine.

Lakini Pemba haikusema kwamba chuma ni kibaya. Katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu zaidi, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma pamoja na anemia walinufaika. Madhara yaliwaelemea wale ambao hawakuwa na upungufu. Kwa maneno mengine, swali lililoamua uhai lilikuwa lile ambalo jedwali la maabara lilipaswa kulijibu: mtoto huyu ana upungufu au hana? Na tumekwisha kuona jinsi jibu la swali hilo linavyoweza kufichwa na homa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka chuma kitolewe kwa watoto wa maeneo ya malaria sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Sharti hilo halikutoka katika nadharia. Lilitoka kwa watoto.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba zinki ina sifa yake njema, iliyopatikana kwa njia tofauti. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kwa mtoto anayeharisha, au nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Hakuna anayempima mtoto huyo zinki ya damu kwanza. Pendekezo limesimama juu ya majaribio yaliyohesabu siku za kuhara, yaani kitu ambacho mama mwenyewe anakiona.

5. Seleni kwa majirani wawili, na vitamini

Seleni ndiyo mfano bora wa hatari ya kuvusha tokeo mpaka. Nchini China, katika maeneo ambayo udongo wake hauna seleni ya kutosha, kuwapa watu madini hayo kulipunguza ugonjwa wa moyo uitwao Keshan. Hapo upungufu ulikuwepo, na kuujaza kuliokoa maisha. Nchini Marekani na Kanada, wanaume 35,533 waliingizwa katika jaribio la SELECT ili kuona kama seleni na vitamini E zingewakinga na saratani ya tezi dume. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2008 bila faida kuonekana, na taarifa ya 2011 ikaeleza kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wavutaji sigara 29,133 wa Ufini walikuwa wamekwisha kutufundisha kwamba betakarotini, kizuiaoksidishaji kilichosifiwa sana maabara, iliongeza saratani ya mapafu kwa asilimia 18.

Karibu nasi, majirani wawili walitoa majibu mawili. Nchini Rwanda, watu 300 wenye VVU ambao walikuwa hawajaanza dawa walipewa seleni au kidonge kisicho na dawa kwa miezi 24. Kasi ya kushuka kwa chembe za CD4 ilipungua kwa karibu asilimia 44, ingawa wingi wa virusi haukubadilika. Dar es Salaam, wanawake wajawazito 913 wenye VVU walipewa madini hayohayo, na hapakuwa na athari kwa CD4 wala kwa wingi wa virusi. Wahakiki wavivu watasema tafiti hizi zinapingana. Hazipingani. Mjamzito si sawa na asiye mjamzito, na chakula cha watu hao hakikuota katika udongo mmoja. Kinachopingana ni sentensi moja, "seleni huongeza kinga", pale inapoandikwa bila kutaja nani, wapi na lini.

Dar es Salaam inatufundisha zaidi. Katika jaribio la wajawazito 1,078 wenye VVU lililoanza mwaka 1995, vitamini za kundi B, C na E zilipunguza vifo vya mimba na uzito mdogo wa kuzaliwa. Katika jaribio hilohilo, vitamini A pamoja na betakarotini ziliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto. Zote huitwa, kwa lugha ya mtaani, vitamini za kinga. Baadaye, dawa za VVU zilipokuwa zinapatikana, vitamini za dozi kubwa zililinganishwa na za dozi ya kawaida kwa watu 3,418. Jaribio likasimamishwa mapema, mwaka 2009, kwa sababu kimeng'enya cha ini cha ALT kilipanda zaidi kwa waliopewa dozi kubwa. Ni kimeng'enya kilekile ambacho, kwa panya wa sehemu ya pili ya makala haya, kushuka kwake huandikwa kuwa ni ushahidi wa kinga.

6. Sentensi ya mwisho

Sidai kwamba maabara ndogo za vyuo vyetu zifungwe au zisubiri fedha za majaribio ya maelfu ya watu. Kazi ya panya ina nafasi yake: huonyesha mmea upi ni sumu, dozi ipi isivukwe, na utaratibu gani wa kikemia unastahili kufuatwa. Mshauri wa sera anayeletewa kazi hiyo ana haki ya kuuliza kama dondoo lilitangulia sumu, dozi hiyo ni gramu ngapi kwa binadamu, damu iliwekwa katika mrija gani, na kama kuna mtu yeyote, si panya, aliyekwisha kupimwa. Na mhariri wa majuzuu ya makongamano, ambaye mara nyingi ni mwanaisimu aliyekabidhiwa makala ya baiolojia, ana mamlaka ambayo hayatumii: mamlaka juu ya vitenzi.

Tuchukue sentensi ya mfano, ya aina ambayo wasomaji wa majuzuu haya wataitambua: majani haya yana kinga dhidi ya sumu ya ini na yanapendekezwa kwa matumizi ya jamii. Kwa data zilezile, bila kuongeza kipimo hata kimoja, ingeweza kuandikwa hivi: panya waliopewa dondoo hili kwa siku 14 kabla ya kupewa parasetamoli walikuwa na kiwango kidogo zaidi cha ALT katika damu kuliko waliopewa parasetamoli peke yake; haijachunguzwa kama dondoo lilizuia kutengenezwa kwa sumu au lilizima athari yake, na kwa hiyo wanaotumia dawa zinazochakatwa na ini wasishauriwe kulitumia. Sentensi ya pili imechukua mistari miwili zaidi, na hakuna muuzaji atakayeinukuu.